Kiti cha umeme kimegoma: utumie taa ya testa, mita au skana?

Unabonyeza swichi pembeni ya kiti, kimya. Au mota inanguruma lakini kiti hakisogei. Au kinakwenda mbele vizuri, kurudi nyuma hakitaki. Hizo ni hitilafu tatu tofauti, na kifaa kinachofaa kwa moja kinaweza kukupotezea mchana mzima kwa nyingine. Gereji ya kwanza fundi atakuja na taa ya testa, ya pili atatoa mita, ya tatu atachomeka skana chini ya usukani na kukuambia gari halina kosa lolote. Wote watatu wanaweza kuwa wanasema kweli, na kiti kikabaki pale pale.

Nalinganisha hapa njia nne: taa ya testa ya balbu, mita ya kidijitali, skana (kompyuta ndogo inayosoma makosa ya gari), na ile ya kuipa mota umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Msimamo wangu niuseme mapema. Kwa Toyota na Nissan nyingi za mtumba zinazoshuka bandari za Dar es Salaam na Mombasa, skana ni kifaa cha kufikiria mwisho. Kwa Mercedes, BMW au Lexus yenye kiti cha memori, yaani kinachokumbuka mkao uliouhifadhi, mambo yanageuka.

Kwanza, kiti chako ni cha aina gani?

Tazama mlangoni au kwenye dashibodi. Kuna vitufe vya namba, 1 na 2, pengine na 3, pamoja na kitufe cha SET au M? Kama vipo, kiti kina memori. Maana yake ni kwamba swichi unayobonyeza haipeleki umeme kwenye mota. Inapeleka ombi tu kwenye kontroli boksi, na boksi hiyo ndiyo inayoamua. Kama vitufe havipo, hasa kwenye gari la Kijapani, kuna uwezekano mkubwa kiti ni cha mfumo wa kawaida: betri, fyuzi, swichi, mota. Hakuna kompyuta katikati.

Mfumo huo wa kawaida ukiuelewa, nusu ya kazi umeshaimaliza. Mota za kiti ni za DC, na mota ya namna hiyo inageuza mwelekeo pale chanya na hasi zinapobadilishana nafasi. Swichi ikiwa haijaguswa, nyaya zote mbili za mota zimefungwa kwenye hasi kupitia swichi. Ukibonyeza kwenda mbele, waya mmoja unaachia hasi na kushika chanya, ule mwingine unabaki kwenye hasi. Ukibonyeza kurudi nyuma, zinabadilishana. Kiti cha dereva huwa na mota tatu au nne, yaani ya kusogeza, ya kuinua mbele, ya kuinua nyuma na ya kuegemeza mgongo, lakini kwa kawaida zote zinakula kutoka kwenye chanya moja na kurudisha kwenye ethi moja, yaani waya wa hasi uliofungwa kwenye bodi ya gari.

Kwa hiyo kabla hujashika kifaa chochote, jaribu kila kitufe, pande zote, na usikilize. Kiti kizima kikiwa kimekufa, si rahisi mota zote nne ziwe zimeungua siku moja. Tafuta fyuzi, plagi ya chini ya kiti, au ethi. Kazi moja ikigoma pande zote mbili huku nyingine zinafanya, shuku mota hiyo, nyaya zake au sehemu yake ya swichi. Ikigoma upande mmoja tu, mota ni nzima, kwa sababu mota ileile ndiyo inayokwenda upande wa pili. Hapo swichi ndiyo mtuhumiwa wa kwanza. Nimeona watu wakinunua mota kwa hitilafu hii ya mwisho, na inaniuma kila mara, maana jibu lilikuwa kwenye kidole chao.

Taa ya testa

Hii ni ile yenye sindano, balbu ndani ya mpini, na waya wenye klipu. Ni rahisi kuliko vifaa vyote na kwa kiti cha mfumo wa kawaida ndiyo ninayoianza nayo.

Nguvu yake ni kitu ambacho watu wengi hawakioni: balbu inakula umeme. Balbu ya wati 3 kwenye volti 12 inavuta kama robo ampea. Si nyingi, lakini inatosha kufichua fyuzi iliyolegea au pini iliyoota kutu, kwa sababu taa itawaka hafifu au haitawaka kabisa. Klipu kwenye chuma tupu cha bodi, sindano kwenye fyuzi upande wa kwanza, kisha upande wa pili. Toyota nyingi huandika fyuzi hiyo P/SEAT au kitu cha kufanana nayo, na mara nyingi ni ya ampea 30. Upande mmoja ukiwaka na wa pili ukizima, fyuzi imekatika, hata kama kwa macho inaonekana nzima.

Kuna pimo moja la taa ambalo naliona halitumiki vya kutosha. Geuza klipu: ifunge kwenye chanya ya betri badala ya bodi. Chomoa plagi ya mota, kisha gusa kwa sindano nyaya mbili zinazotoka kwenye swichi, moja baada ya nyingine, bila kubonyeza swichi. Kwa kuwa mfumo wa kawaida huziacha zote mbili kwenye hasi, taa inapaswa kuwaka kote kuwili. Ikikataa kwenye mmoja, ama waya huo umekatika, ama mguso wa swichi upande huo haushiki hasi. Ikikataa kote, ethi ya kiti haipo. Umepima ethi, swichi na nyaya kwa pigo moja, na hukuhitaji mtu wa pili wa kukubonyezea.

Udhaifu wake? Haikupi namba. Tofauti ya volti 12 na volti 10.5 jicho halitaiona vizuri mchana wa jua kali. Na kuna testa mpya za LED zinazouzwa kwa sura ileile: hizo hazivuti karibu kitu, kwa hiyo ile sifa niliyoisifia hazina. Ukinunua kwa kazi hii, chagua ya balbu.

Kwenye kiti cha memori, usiichomeke ovyo. Nyaya za sensa na za mawasiliano zinazoingia kwenye kontroli boksi hazikutengenezwa kubeba hata robo ampea.

Mita

Mita ya kidijitali ndiyo inayoheshimika, na ndiyo inayodanganya zaidi ikitumiwa vibaya. Uongo wake una sababu. Ukipima volti, mita nyingi zina ukinzani wa ndani wa takriban megaomu 10, yaani zinavuta umeme mdogo mno. Sasa chukua waya uliosagwa na reli ya kiti hadi ukabaki uzi mmoja wa shaba. Mita itasoma volti 12.6 safi kabisa. Ukiunganisha mota inayohitaji ampea kadhaa, uzi ule hauwezi kuzipitisha, volti zinaporomoka, mota haigeuki. Fundi aliyepima plagi ikiwa imechomolewa atakuambia umeme upo, mota imekufa. Utanunua mota, utafunga, kimya.

Dawa ni kupima wakati mzigo umewashwa. Acha plagi ya mota ikiwa imechomekwa, ingiza ncha za mita kwa nyuma ya plagi ambapo nyaya zinaingia, kisha mtu abonyeze swichi. Betri ikiwa na volti 12.6 na mota ikipata 12 na ushee, lakini haigeuki, mota ni mbovu au imekwama. Ikipata 9, kuna volti zaidi ya tatu zimeliwa njiani, na kazi yako sasa ni kutafuta zimeliwa wapi. Ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye waya wa ethi wa kiti, bonyeza: zikionekana zaidi ya nusu volti, ethi ina kutu. Fanya vivyo hivyo upande wa chanya, kutoka betri hadi swichi, kisha kutoka swichi hadi mota. Kwenye Toyota waya wa ethi huwa mweupe wenye mstari mweusi. Kwenye Mercedes na BMW ni wa kahawia.

Hapa mita haina mpinzani. Hitilafu ya kiti kinachokwenda polepole, kinachozidi kuchoka mwezi hadi mwezi, taa haitakupa jibu la kuaminika na skana mara nyingi haitasema kitu. Magari ya Mombasa, Tanga na Unguja yanaijua hitilafu hii kuliko ya bara: hewa ya chumvi, zulia lenye unyevu, boliti ya ethi iliyofichwa chini yake. Gari lililowahi kuingia maji ya mafuriko nalo ni hivyo hivyo, hata kama limekaushwa na kupuliziwa manukato kabla ya kuuzwa.

Kama una mita na huna msaidizi, kuna njia ya kati ambayo mafundi wa zamani wanaipenda: chomoa plagi ya mota, na mahali pake weka balbu ya breki ya wati 21 iliyofungiwa nyaya mbili. Hiyo inavuta kama ampea 1.75, mara saba ya testa. Ukitaka kutesa mzunguko zaidi, balbu ya taa kubwa ya wati 55 itavuta zaidi ya ampea 4. Bonyeza swichi: ikiwaka kwa nguvu zote pande zote mbili, swichi, nyaya na ethi zimefaulu, na mota ndiyo iliyobaki. Kwa kiti cha kawaida, balbu hii ya bei ya chee naiweka juu ya mita ya bei ghali.

Upande wa omu, mita inafaa zaidi kwa swichi iliyochomolewa. Bila kubonyeza, kila pini ya kwenda mota ikipimwa na pini ya ethi, mita inapaswa kulia kuonyesha zimeungana. Ukibonyeza, moja inahamia kwenye pini ya chanya. Usipoteze muda kupima omu za mota. Usomaji wake ni mdogo sana, na mota yenye kaboni zilizochakaa inaweza kusoma vizuri leo na kugoma kesho. Na usijaribu kupima ampea za mota iliyokwama kwa kupitisha ndani ya mita ya ampea 10. Utaunguza fyuzi ya mita, ukiwa na bahati.

Waya za betri moja kwa moja

Hii haina ujanja wowote: chomoa plagi ya mota, leta chanya na hasi za betri kwa nyaya mbili, gusa. Ikigeuka, badilisha nyaya, igeuke upande wa pili. Hukumu ya mota inatoka ndani ya dakika moja.

Neno la kushika hapo ni *chomoa*. Kumbuka kwamba nyaya za mota zimelala kwenye hasi kupitia swichi. Ukileta chanya ya betri kwenye waya wa mota ambayo bado imechomekwa, umeipeleka moja kwa moja kwenye ethi. Hiyo ni shoti ya betri nzima, na kinachoungua kwanza ni miguso ya swichi au waya wenyewe. Kwenye kiti cha memori unaweza kuunguza kontroli boksi. Weka pia fyuzi kwenye waya wako wa chanya, ya ampea 20 hivi, ili kosa likitokea liishie hapo. Mota ya memori mara nyingi ina pini zaidi ya mbili. Zile nyembamba ni za sensa, na hizo haziguswi na volti 12 hata kwa bahati mbaya.

Kama hutaki kuleta betri, kuna ndugu yake mpole zaidi: kwenye kiti cha kawaida, tafuta mota inayofanya kazi yenye plagi ya umbo lilelile, na badilishana plagi. Mota iliyogoma ikigeuka kwa kitufe cha jirani, tatizo liko nyuma yake. Toa mguu wako njiani kwanza, maana kiti kitasogea upande ambao hukuutarajia.

Skana

Sasa hii ndiyo inayoleta mabishano. Wenye magari wengi wanaamini skana inaona gari lote. Kile kisoma kosa kidogo cha Bluetooth cha aina ya ELM327, kinachouzwa kila mahali, kikitumiwa na programu ya kawaida ya simu kinazungumza lugha ya OBD-II. Lugha hiyo Marekani iliilazimisha kwa magari ya modeli ya 1996 na kuendelea, na Ulaya ikafuata kwa ya petroli mwaka 2001, lengo likiwa moshi unaotoka kwenye ekzosi. Kiti hakitoi moshi. Kwa hiyo sheria haikumlazimisha mtengenezaji aonyeshe kosa la kiti kwa lugha hiyo.

Skana kubwa za mafundi, kama Launch na Autel, au mifumo ya wenyewe kama Techstream ya Toyota na Xentry ya Mercedes, zinafika kwenye kontroli boksi za bodi, ikiwemo ya kiti. Lakini boksi iwepo! Kiti cha kawaida hakina boksi, hivyo hakuna wa kuulizwa. Ukilipia kupimwa kwa kompyuta kwa ajili ya kiti cha Harrier kisicho na memori, umelipia kimya.

Kwenye kiti cha memori ndipo skana inapolipa. Kinachonivutia zaidi ni data ya moja kwa moja, kuliko hata makosa yaliyohifadhiwa. Bonyeza swichi huku ukitazama skrini. Skrini ikibadilika kutoka OFF kwenda ON, swichi na waya wake ni wazima bila kufungua skrubu hata moja. Isipobadilika, hitilafu iko kabla ya boksi. Skana nzuri inaweza pia kuamuru boksi iendeshe mota yenyewe: ikigeuka kwa amri ya skana na isigeuke kwa swichi, umeshajua upande wa kutafuta. Kwa Mercedes zenye swichi mlangoni, hii inakuokolea kufungua mlango.

Kuna hitilafu nyingine ambayo bila skana utaizunguka sana. Kiti kinasogea vidole viwili kisha kinasimama. Ukibonyeza tena, vidole viwili tena. Mota ni nzima. Boksi inategemea sensa ndani ya mota kuiambia kiti kimefika wapi, na isipopata habari inakata umeme. Wakati mwingine betri ilichomolewa tu na boksi imesahau mipaka ya kiti, ndipo kinapohitajika kufundishwa upya: kwa baadhi ya magari unashikilia swichi hadi mwisho wa kila upande, kwa mengine skana ndiyo inayofanya.

Tahadhari moja kuhusu makosa yanayosomwa. Betri iliyochoka hujaza boksi makosa ya volti ndogo ambayo hayana uhusiano na kiti. Yaandike, yafute, tumia kiti, soma tena. Kinachorudi ndicho cha kushughulikia. Na kosa likisema "mzunguko wa mota ya kusogeza", halijasema mota. Limesema mzunguko, na waya umo ndani yake. Mita inarudi kazini.

Kabla hujainua kiti

Nyaya na plagi za njano chini ya kiti ni za eabegi ya pembeni na mkanda. Hizo hazipimwi kwa taa, wala kwa omu za mita. Umeme mdogo unaweza kuilipua. Ukitaka kufungua boliti za kiti, toa kwanza waya wa hasi wa betri na usubiri. Maelekezo ya Toyota ni sekunde 90 au zaidi kabla ya kugusa plagi hizo. Kiti kikiwa nje, usiwashe swichi ya gari. Taa ya SRS, ile ya onyo la eabegi, itawaka, na mara nyingi itabaki inawaka hata ukirudisha kila kitu, mpaka mwenye skana aizime. Hapo skana uliyoikwepa mlangoni imeingia kwa dirishani.

Mara nyingi hata huna haja ya kukitoa. Kama kinasogea bado, kipeleke nyuma kabisa na upige tochi kwa mbele, kisha mbele kabisa na upige kwa nyuma. Sarafu, kalamu, pini ya mtandio, kifuniko cha chupa, vyote nimevikuta kwenye reli. Na ile hitilafu ya mota inayonguruma huku kiti kimetulia haihitaji kifaa chochote kati ya hivi: umeme unafika. Ni kebo ya kuzungushia iliyochomoka au gia iliyolika meno.

Ununue kipi, ulipie kipi

Ukiwa na gari lenye kiti cha kawaida na unataka kujitegemea, nunua taa ya balbu na mita ya kawaida, na utengeneze ile balbu ya breki mwenyewe. Kama bajeti ni ya kimoja tu, nachukua mita, kwa sababu itafanya kazi nyingine nyingi za gari, mradi ukubali kupima kwenye mzigo. Skana usinunue kwa ajili ya kiti. Kwa gari la memori, lipia kipimo cha skana mara moja mwanzoni, omba kuonyeshwa data ya swichi kwenye skrini, kisha endelea na mita nyumbani. Fundi asiyetaka kukuonyesha skrini, mtafute mwingine.

Na ikitokea swichi ndiyo mbovu, usikimbilie kununua. Nyingi hufunguka, na miguso iliyoungua na kuwa myeusi husafishika kwa dawa ya miguso na kitambaa kisichoacha nyuzi. Ukilazimika kununua ya mtumba, ichukue ya zamani uende nayo dukani: swichi ya kiti cha memori na ya kiti cha kawaida za modeli moja zinaweza kufanana kwa nje kabisa, zikatofautiana pini. Hesabu pini, soma namba iliyoandikwa nyuma, na muuzaji akikuruhusu, ipime kwa omu hapo hapo mezani kabla hujatoa hela.